Ming'oko Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Juzi mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Nachingwea aliniita uani akanionyesha kipande cha ardhi kilicho kati ya ukuta wa nyuma, jiko, na mfenesi wa jirani. Ni kipande kidogo, ukitandika mikeka mitatu umekimaliza. Jua haliingii pale asubuhi, haliingii jioni, na mchana hupita juu ya mfenesi kama mtu asiyetaka kusalimia.

"Wewe unajua kusoma," akaniambia. "Hebu nichagulie cha kupanda hapa. Mimi kila kitu kimenifia."

Nilichutama, nikafukua majani makavu kwa vidole, nikachota udongo kidogo na kuunusa. Ulikuwa mkavu, ukinichuruzika mkononi kama unga wa muhogo, lakini harufu yake ilikuwa ileile: majani yaliyooza polepole bila kuonja jua, harufu baridi, kama ya ndani ya mtungi mtupu. Nilikaa pale muda mrefu, hata mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa na miaka tisa, niko Chinongwe nyuma ya nyumba ya Bibi, na roho iko juu.

Ninyi mnaosoma, naomba mnivumilie. Mimi ni mshona nguo. Nikikosea mshono mmoja hufumua gauni zima, hata kama mwenyewe ameshasema limempendeza. Shule nilisoma miaka minne tu, mengine nimejifundisha, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hana siku anayoambiwa "inatosha". Mwanzo huu nimeuandika mara tano. Wa sita ndio huu, nao una kasoro zake, lakini nimeamua kuuacha ulivyo, maana kisa chenyewe kinamhusu mtoto asiyejua kuacha kitu kikae.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya miti na udongo, ya paa la nyasi, ikitazama njia ya kwenda Ruangwa. Mbele palikuwa peupe, pamefagiliwa, ndipo tulipoanika ufuta na muhogo. Hapo mbele palikuwa na jiwe pana jeusi ambalo Bibi alilikalia kutawadha kila sala, na jiwe lilikuwa limelainika kwa makalio na maji ya miaka mingi. Nyuma palikuwa na mikorosho miwili aliyoipanda marehemu Babu wakati hajui, au hajali, jinsi mkorosho unavyopenda kutanua mikono. Matawi yalikuwa yameshikana juu, mengine yameinama mpaka yanagusa paa la jiko, na chini yake palikuwa na giza la kijani mchana kutwa. Kuku hawakuparua pale. Ukiingia wakati wa joto, nje kunawaka, ulihisi kama mtu amekuwekea kitambaa cha maji usoni. Palinuka mabibo yaliyochacha.

Mama hakukaa nasi. Baba alikuwa amepata kazi Nachingwea, kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, akipanda nyuma ya trekta na kushuka kufunga minyororo kwenye visiki. Mama alimfuata. Mimi nilibaki na Bibi, kwa kuwa kule walipewa chumba kimoja, na kwa kuwa haikuonekana vizuri Bibi alale peke yake. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, nami nilikubali kama mtoto anavyokubali, yaani mdomoni.

Mwaka ule, kabla ya mvua, Mama alikuja kututembelea juu ya lori la mizigo. Alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka kucha, nikamcheka, naye akanicheka kwa kumcheka. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Jioni alipokwisha kuoga alinishika mkono, tukaenda nyuma chini ya mikorosho, akafumba macho na kuvuta pumzi kama mtu anayekunywa.

"Somoe," alisema, "kule kwetu miti yote imeng'olewa. Ukianika nguo nyeupe unaanua nyekundu. Nikija kujifungua, nataka arobaini yangu niimalizie hapa. Lakini chini pamekuwa patupu mno. Nitafutie cha kupanda, nikae nikitazama majani."

"Utakaa mpaka lini?" nilimuuliza.

"Tutaona."

Kesho yake aliondoka, na lile neno "tutaona" lilibaki kwangu kama mwiba wa samaki. Nilikaa nalo siku mbili, kisha nikajipa jibu langu mwenyewe: pale mahali pakipendeza, Mama hataondoka tena. Pasipopendeza, atarudi kwenye vumbi, na safari hii atakuwa na mtoto mwingine wa kumbeba. Sikumwambia mtu. Hata leo ninapoliandika naona haya kidogo, lakini ndivyo nilivyoamini, na kwa imani hiyo nilichukua jembe.

Kwanza nilitaka nisipande pale. Nilimwomba Bibi anipe sehemu ya mbele, penye jua.

"Mbele?" Bibi alisema. "Mzazi akae mbele na mtoto mchanga, kila mpita njia aje kumtia jicho? Mke mwenzangu, umepewa nyuma, panda nyuma."

Mke mwenza ndilo jina aliloniita siku zote, akidai kuwa Babu alikufa akiwa ameshaniposa.

Basi nikapanda nyuma. Nilivuta kamba ya katani kutoka kona ya jiko hadi shina la mkorosho wa kwanza, nikachora matuta sita yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Kila tuta nililiwekea kibao. Herufi nilikuwa nimezijua kwa kuzinakili kutoka kwenye magunia ambayo Baba alituletea, kwa hiyo vibao vyangu vyote viliandikwa kwa herufi kubwa za gunia, nene na zenye pengo katikati.

Tuta la kwanza lilikuwa KARANGA. Nani angeweza kunilaumu? Baba alikuwa mtu wa karanga, Nachingwea nzima ilikuwa ikizungumza karanga. Nilifikiri karanga ndicho kitu cha heshima kuliko vyote anachoweza kukikuta mama anayetoka kule. Ziliota. Ziliota ndefu, nyembamba, nyeupe shingoni, zote zimeinama upande mmoja kama zinachungulia mlangoni zikitafuta jua. Bibi alikuja kuzitazama na kata ya maji mkononi.

"Wazungu wenye matrekta zinawasumbua, na jua wanalo," alisema. "Wewe huna hata jua."

Tuta la pili lilikuwa nyanya, zikafa. La tatu bamia. Bamia zilifika kimo cha kiganja zikakata tamaa. Tuta la nne lilikuwa la maua mekundu ambayo Baba alimwomba mtunza bustani wa Mzungu mmoja, akaniletea vijiti vyake vimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Yale niliyapenda kuliko roho. Kila asubuhi niliyachomoa taratibu kuona kama yameshatoa mizizi, kisha nikayarudisha. La tano lilikuwa tangawizi ya Bibi, vipande vitatu vyenye macho, nayo niliichimbua kila siku kwa sababu ileile. Nilikuwa nasubiri kwa mikono.

Tuta la sita sikulipanda. Nililiacha liwe la akiba, kwa ajili ya kitu kizuri ambacho bado sikukijua.

Mtu aliyenifumania nikichomoa maua alikuwa Bi Esha. Huyu alikuwa jirani yetu, Mmakonde aliyevuka Ruvuma na mumewe zamani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Yeye na Bibi walikuwa watani. Sijui kama ulikuwa utani wa makabila, wa koo, au wa kujitakia tu, kwa maana hakuna aliyewahi kunieleza na wenyewe walishasahau. Bi Esha aliweza kuingia nyumbani, akafunua chungu, akala, akasema chumvi imezidi, akaondoka na mwiko. Bibi naye angekwenda kesho yake kuufuata mwiko na kurudi na kuku.

"Wewe mtoto wa Kimwera," Bi Esha alisema, "ukilala usingizi nikuamshe kila mara kukuuliza kama umelala, utalala?"

"Naangalia mizizi, Bi Esha."

"Mizizi haipendi kuangaliwa. Ndiyo maana ikaenda chini." Akainama, akageuza majani makavu kwenye ukingo wa kamba yangu. "Na hii miche iliyong'olewa ni ya nini?"

Nilimweleza kwa fahari. Kulikuwa na miche mingi midogo iliyojiotea yenyewe huku na huko, yenye majani laini, wala haikuwa kwenye mstari. Nilikuwa nimeing'oa yote asubuhi ile ili mahali pawe safi.

Bi Esha aliokota mmoja, akautazama, akamwita Bibi kwa ile sauti ya ng'ambo ya bonde. "We mtani! Njoo uone! Mjukuu wako amefukuza pilipili! Ndege wamempandia bure, zikaota bure, kivulini, yeye akazing'oa kwa kuwa hazikusimama foleni!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia. Nililia kwa hasira, kwa kuwa nilijua wana haki, na kwa mtu wa namna yangu hakuna kinachouma kama hicho. Nilisema, nikilia, kwamba Mama atakuja akute patupu, atarudi Nachingwea, na kosa litakuwa langu.

 Walitazamana. Kisha Bibi akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kaniki.

"Mchagua nazi hupata koroma," alisema, ingawa minazi ya Chinongwe ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Lakini alilisema polepole, si kwa kunisuta.

Bi Esha alinivuta sikio kidogo. "Kesho naenda msituni. Utanifuata. Umekuwa ukijiuliza unataka kupanda nini. Swali lako limekaa kichwa chini. Nenda ukawaulize wanaokaa gizani kwa hiari yao."

Siku ile msituni naikumbuka kama sikukuu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na kila hatua ilitoa harufu. Tulipita mashamba, tukapita vichaka, mpaka tukafika mahali ambapo miti imefunga juu kabisa kama mikorosho yetu, ila kwa ukubwa wa kijiji kizima. Nilikuwa nimeshapita pale mara nyingi kutafuta kuni. Siku ile kwa mara ya kwanza nilitazama chini. Pale ambapo nilidhani hapana kitu palikuwa na umati. Kulikuwa na majani mapana ya magimbi karibu na chemchemi. Kulikuwa na mimea yenye majani kama manyoya ya ndege, ambayo sikujua jina lake. Kulikuwa na miche ya mikindu inayongoja bila haraka. Na kila mahali, ikijizungusha juu ya miti myembamba, kulikuwa na kamba za kijani zenye majani ya umbo la moyo.

"Hii unaijua," Bi Esha alisema.

Niliijua sana. Ilikuwa ming'oko. Kwa wale wasiotoka kwetu kusini, hivi ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, vinavyochimbwa wakati wa kiangazi na kuchemshwa kwa chumvi. Tumekula wote. Lakini hakuna aliyepanda. Ming'oko ilikuwa ya msituni kama vile mawe ni ya mtoni.

"Watu watanicheka," nilisema.

"Mimi ndiye nitakayeanza," alisema Bi Esha, akaanza kuchimba.

Alichimba kwa kijiti kilichochongwa ncha, pembeni kabisa, akafukua bila kukata, akatoa kile kichwa ambapo kamba inaungana na kiazi. Alinieleza sheria zake mbili. Ya kwanza, ukichimba ming'oko unakula vidole na kurudisha kichwa ardhini, mahali pale pale, ili mwakani kiote tena. Asiyerudisha kichwa ni mwizi, hata kama msitu hauna mwenyewe. Siku ile tulikuwa tunavihamisha vichwa, si kuviiba, kwa hiyo aliuambia msitu hivyo kwa sauti. Ya pili, huchimbi mpaka majani yakauke yenyewe.

"Yenyewe," alirudia, akinikazia macho. "Ukigusa kabla, nitakuja nipige vidole vyako hivi, niviweke chunguni."

Tulirudi na vichwa kumi na viwili kwenye kapu, na juu yake magimbi matatu, na mimea miwili ya manyoya ambayo niliichukua kwa uzuri tu. Pilipili nilizokuwa nimezing'oa niliziomba radhi na kuzirudisha pale pale zilipokuwa, nje ya mstari, na nne kati yake zilinisamehe. Magimbi niliyapanda penye mfereji wa bafu. Ming'oko niliipanda kwenye tuta la sita na kuizungusha chini ya mikorosho. Kamba ya katani niliivuta, nikaikunja, nikairudisha ndani. 

Halafu nikangoja. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, hata kushona suti ya bwana harusi haifiki. Ili nisichimbe, asubuhi niliikalia mikono yangu, kweli kabisa, nimeiweka chini ya mapaja. Mvua zilinyesha. Siku moja nilikwenda nikakuta ncha nyekundu, nyembamba kama sindano, imetoboa majani makavu. Nilipiga kelele hata Bibi akatoka na mchi akidhani ni nyoka.

Mama alikuja mvua zilipokuwa zinaaga. Wakati huo kamba zilikuwa zimepanda mikorosho yote miwili mpaka kwenye matawi, majani ya moyo yamening'inia kama mapazia, magimbi yamefungua miavuli, na pilipili zimeiva nyekundu katikati ya kijani kile. Aliingia nyuma, akasimama. Mimi nilisimama nyuma yake nikihesabu makosa: gimbi moja limeinama, kamba moja imekwenda upande wa jiko, vibao viwili vimepauka. Mama hakuona hata moja. Alifumba macho, akavuta pumzi, akafumbua.

"Nani amekuletea msitu?" aliuliza.

Mdogo wangu Zuhura alizaliwa siku ya nne. Mama alikaa arobaini yake kule nyuma kila mchana, mkekani, mtoto kifuani, akinywa uji wenye pilipili manga na kutazama majani. Sina kumbukumbu ya furaha zaidi ya ile. Nilimsomea vibao vyangu. Alinisuka. Bi Esha alikuja kila siku kudai ushuru wa ming'oko, akisema msitu ulimtuma, na Bibi akimlipa kwa matusi.

Arobaini ilipokaribia kwisha, Baba alituma habari kuwa anakuja kumchukua Mama.  Mama aliuona uso wangu, akasema mbele ya watu wote, "Mimi siondoki kabla sijala ming'oko ya mwanangu."

Hapo ndipo nilipopata wazo langu kubwa. Ming'oko haichimbwi mpaka majani yakauke. Kwa hiyo yasipokauka, haichimbwi. Mimi niliyekuwa nikichimbua kila kitu kabla ya wakati, nikageuka kuwa mlinzi wa majani. Kila alasiri nilishuka bondeni kisimani na kibuyu, nikapanda nacho kichwani, nikamwagia ming'oko polepole ili ibaki ya kijani. Kiangazi kilikuwa kimeingia, njia ni ndefu, lakini nilitembea naimba. Tena nilikuwa na bahati ya ajabu: kila nilipokwenda asubuhi kuangalia, udongo ulikuwa bado umelowa, kama nimemwagia saa ileile.

"Kivuli hutunza maji," Bibi aliniambia nilipomweleza kwa furaha.

Alikuwepo pale pale nyuma wakati huo, ameshika birika. Mwezi ule alikuwa ameanza kutawadhia nyuma, alfajiri hadi isha. Alisema magoti yanamuuma, jiwe la mbele limekuwa mbali.

Baba alikuja. Akaambiwa angoje majani. Akangoja siku mbili, akaondoka, akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa bado.

"Kazini nina bwana mkubwa mmoja," alimlalamikia Bi Esha. "Hapa ninao wanne, na mmoja wao ni kiazi."

Bi Esha hakucheka kama nilivyotegemea. Alikwenda nyuma, akanyanyua jani moja lililokuwa manjano nusu, akachoma kidole ardhini mpaka kwenye kiungo cha pili, akakinusa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Udongo huu umelewa," alisema Bi Esha. "Mkizidi kunywesha, vitaoza chini kwa chini. Kuchimba mapema ni kosa. Na kushikilia ni kosa." Nilidhani ananisema mimi, nikainamisha uso. Nilipouinua nilimwona anamtazama Bibi.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda nyuma, nikakaa juu ya mikono yangu kama zamani. Nikaifikiria ming'oko ikioza kule chini gizani kwa sababu ya mapenzi yangu. Nikainuka, nikamwita Mama. Nilimwambia imekuwa tayari, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Tulichimba pamoja, Zuhura amelala mgongoni mwa Bibi. Vidole vilitoka vyeupe, vyenye udongo, vingine vimepinda, viwili tu vimeoza. Nusu kapu. Bibi alivichemsha akavifunika kwa majani ya mgomba, na harufu ikamleta Bi Esha kabla hajaitwa, na Baba akala vingi kuliko wote akisema anamla bwana wake. Kisha Mama alivipanga vichwa kumi na viwili juu ya mkeka, akavigawa sawasawa. Sita akanipa nivirudishe ardhini. Sita akavifunga kwenye kitambaa kibichi.

"Hivyo unavipeleka wapi?" nilimuuliza.

"Nachingwea."

"Kule hakuna kivuli. Vitakufa."

"Ndiyo maana nataka mtu anayejua kuchagua," Mama alisema. "Fungasha nguo zako, Somoe. Baba yako amepewa chumba cha pili. Itabidi uanze na kupanda kivuli chenyewe."

Jamani, nilivyokimbia! Nilifungasha gauni mbili na vibao vyote sita. Nilikuwa wa kwanza kupanda lori. Njia nzima nilishika kile kitambaa kibichi mapajani na kuimba, na vumbi liliponifanya mwekundu niliona nimevikwa nguo mpya. Tulipanda mijohoro miwili nje ya chumba chetu, na baada ya miaka mitatu ilipoanza kutupa kivuli cha maana, watu wa jirani walikuja kushangaa ming'oko ya nyumbani. Mambo haya ninayaeleza kirahisi. Ninalotaka kulieleza ni kwamba lori lilipoondoka Chinongwe sikugeuka nyuma hata mara moja. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeshinda.

Basi juzi, pale uani, nikiwa nimechutama chini ya mfenesi, nilifungua mkono nikautazama ule udongo. Kivuli tupu, jua halijawahi kuingia, na bado ulikuwa mkavu kama unga. Mfenesi umeyanywa maji yote. Mikorosho hunywa zaidi. Kivuli hakitunzi maji mpaka asubuhi mwezi wa kiangazi. Mtu ndiye huyamwaga.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Chinongwe kuomba vichwa vya kupanda. Nilifika adhuhuri. Bibi alikuwa mbele ya nyumba, amechutama juu ya jiwe lake jeusi, anatawadha, magoti yamekunjika kama ya msichana. Nilimngoja amalize. Nikamwamkia, akaitikia, akanivuta nikae karibu yake palipolowa.

"Bibi," nilisema, "ule mwezi wa ming'oko, ulikuwa unatawadhia nyuma."

"Magoti yalikuwa yananiuma, mke mwenzangu."

"Yakapona lini?"

Alimwaga maji yaliyobaki kwenye birika, akayatazama yakipita juu ya jiwe mpaka yakaingia ardhini.

"Siku mliyoondoka," alisema, akacheka, akanipa mkono nimwinue, ingawa hakuhitaji kuinuliwa, tukaenda nyuma kuchimba.